Nani Anamlipa Anayemshauri Mkulima?

Nairobi ina wakulima wengi kuliko wanavyohesabiwa. Karani wa Upper Hill, bawabu wa Kilimani, mwalimu wa Embakasi: kila mmoja ana kishamba mahali fulani, Vihiga, Nyamira au Mwingi, kinachoangaliwa na mama, shangazi au kijana wa kuajiriwa. Mvua za masika zikishika, simu huanza kulia. "Mahindi yamegeuka zambarau, tuma pesa ya dawa." Pesa zinatumwa kwa M-Pesa, mama anafika kwenye agroveti ya sokoni, yaani duka la dawa na pembejeo za kilimo, anaeleza, anauziwa chupa. Ushauri wa kilimo umeshatolewa hapo. Aliyeutoa hajaliona shamba, na riziki yake inatoka kwenye chupa hiyo.

Sasa, mahindi machanga yakigeuka zambarau kwenye kingo za majani, kwa kawaida hayajaingiliwa na mdudu. Yanakosa fosforasi. Katika sehemu nyingi za magharibi na za nyanda za juu, huenda fosforasi imo, tena mama aliitia mwenyewe pamoja na mbolea ya kupandia, ila udongo wenye asidi nyingi umeikamata na mizizi haiipati. Wakati mwingine ni baridi tu, na mmea hujiponya jua likitoka. Dawa ya wadudu haitibu lolote kati ya hayo. Wa kumwambia mama hivyo ni mtu aliyesomea kazi hii, akafika shambani, akang'oa mche mmoja na kutazama mizizi, na ambaye hana cha kumuuzia. Huyo ndiye bwana shamba, ambaye siku hizi magazeti humwita afisa wa nyanjani.

Kilio cha kila mwaka ni kwamba maafisa hawa wamekwisha. Uwiano unaotajwa sana kuwa unafaa ni afisa mmoja kwa wakulima 400, ilhali Kenya kwa muda mrefu afisa mmoja amekuwa akihesabiwa wakulima zaidi ya 1,000. Ni kweli kwamba ni wachache. Lakini ukiishia kwenye idadi utabaki na jibu moja tu, waajiriwe wengine, na hutaelewa kwa nini mkulima wa chai anapata ushauri na wa maharagwe hapati, wala kwa nini miradi yenye magari mapya hutoweka bila hata kuaga. Mimi naona swali linalofungua mengi ni hili: anayemshauri mkulima analipwa na nani, na ushauri ukiharibika anamjibu nani?

Mlipaji wa kwanza alikuwa serikali, na hakuanza kwa upole. Enzi za ukoloni afisa wa kilimo alikuja na amri: chimba matuta, usipande kahawa, punguza ng'ombe. Huko Murang'a mwishoni mwa miaka ya 1940 wanawake waliandamana kukataa kuchimbishwa matuta kwa lazima. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulifungulia Waafrika wengi zaidi kahawa, chai na ng'ombe wa gredi, na afisa akatakiwa afundishe badala ya kufoka tu. Baada ya uhuru mambo yalichangamka. Mahindi ya haibridi 611 yalitoka Kitale mwaka 1964 na kuenea haraka hadi kwa wenye ekari moja moja. Wazee wa wizara bado huyataja kama ushahidi kwamba ugani, yaani kazi ya kumpelekea mkulima ushauri shambani, ulikuwa ukifanya kazi. Ni kweli ulifanya kazi, ila haukuwa peke yake: mbegu ilipatikana dukani, mavuno ya jirani yalionekana kwa macho, na mahindi yalikuwa na pa kuuzwa. Ushauri mzuri usio na duka wala soko hubaki maneno matupu.

Miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilileta mfumo wa mafunzo na matembezi, uliobuniwa na Daniel Benor, mtaalamu wa Israeli, baada ya kujaribiwa Uturuki na India. Ratiba yake ilikuwa kali kama ya treni. Afisa alifundishwa somo, akalipeleka kwa wakulima wachache wa kuteuliwa kila wiki mbili, nao wakatarajiwa kulisambaza kwa majirani. Kenya iliutumia hadi mwaka 1998. Mwishowe wakaguzi wa Benki yenyewe walisema matunda yalikuwa haba: ujumbe ulitungwa mbali, ukarudiwa pale pale, na mkulima aliyeteuliwa mara nyingi ndiye aliyekuwa tayari na ng'ombe, ardhi na elimu. Afisa aliandika ripoti kwenda juu kuonyesha kwamba ametembelea. Hakuna aliyemwandikia mkulima ripoti.

Kabla mfumo huo haujafa, masharti ya kubana matumizi yalikuwa yameshafunga mlango wa ajira. Waliostaafu hawakujazwa nafasi. Kuanzia mwaka 2000 Sweden ilifadhili mpango mwingine wa kitaifa, NALEP, uliowaacha wakulima wajipange katika vikundi vya wenye nia moja, wa kuku na wa kuku, wa nyuki na wa nyuki, na wao ndio waseme wanataka kujua nini. Ulikuwa na akili zaidi. Nao ulikuwa na tarehe ya kumalizika.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Jedwali la Nne liliipa serikali ya kitaifa sera ya kilimo, na kaunti 47 zikapewa kilimo chenyewe, maafisa wa nyanjani wakiwemo. Kuanzia mwaka 2013 mnyororo uliounganisha maabara na shamba ulikatika katikati. Utafiti ulibaki kwa taasisi ya kitaifa, KALRO, yenye makao yake Loresho hapa Nairobi. Wizara ilibaki Kilimo House, Cathedral Road. Afisa aliyeko wadi fulani ya Kakamega akawa wa gavana. KALRO ikitoa mbegu mpya ya maharagwe, haina mamlaka ya kumtuma afisa huyo popote, na afisa akiona ugonjwa asioujua, halazimiki kumwambia mtu yeyote Loresho. Wapo wanaowasiliana, kwa kujuana na kwa vikundi vya WhatsApp. Mfumo wa nchi nzima hauwezi kuegemea kujuana.

Kaunti nyingi zililipa mishahara, kisha zikasahau kwamba kazi ya afisa ni kutembea. Pikipiki ipo, mafuta hayapo. Mwanasiasa akichagua kati ya barabara ya kufungua mbele ya kamera na mafuta ya afisa wa kilimo, hufikiri mara moja tu. Barabara huonekana. Ushauri hauonekani, na mavuno yakipanda, sifa huenda kwa mvua.

Tuwageukie walipaji wengine, maana ugani haukufa bali ulibadilisha waajiri.

Kwenye chai, mlipaji ni kiwanda. KTDA, shirika la viwanda vya chai ya wakulima wadogo, inahudumia wakulima wadogo zaidi ya 600,000, na afisa wake anajua kwamba mkulima akichuma majani magumu badala ya majani mawili na chipukizi, chai inakosa bei na kiwanda pia kinaumia. Maziwa ni vivyo hivyo. Ushirika wa Githunguri, Kiambu, ulioanzishwa mwaka 1961, huwapa wanachama wake huduma ya mifugo na mafunzo, na gharama hukatwa kwenye malipo ya maziwa. Mshauri na mshauriwa wanakula sahani moja, kwa hiyo ushauri huwa wa maana. Lakini tazama sharti lake: zao lazima lipitie mlango mmoja ambapo mtu anaweza kukata pesa yake. Mahindi, maharagwe, mihogo na sukuma wiki hayana mlango huo. Yanaliwa nyumbani, yanauzwa debe mbili kwa broka, yanapandishwa lori usiku kuja soko la Marikiti, Nairobi. Hakuna kampuni itakayomfundisha mama kupanda maharagwe ambayo haitayaona kamwe.

Pengo hilo limejazwa na agroveti, na sitaki kumsema vibaya mwenye agroveti. Duka lake liko wazi Jumamosi, haombi barua, hufahamu lugha ya wateja, na wengi wamesomea kazi. Kama si yeye, wakulima wengi wasingekuwa na wa kumuuliza kabisa. Tatizo ni kile ambacho biashara yake haiwezi kukisema. Haiwezi kusema "ngoja wiki moja uone." Haiwezi kusema "hii ni njaa ya udongo, mimi sina cha kukuuzia." Na ni nadra kumsisitizia mteja siku zinazopaswa kupita kati ya kupiga dawa na kuchuma, ingawa zimeandikwa kwenye kibandiko kwa maandishi madogo ya kutesa macho. Hapo ndipo habari hii inamgusa hata mkazi wa Nairobi asiye na shamba. Nyanya zilizopigwa dawa Jumatatu na kuchumwa Jumanne huwa kwenye sahani ya mtaa wa Pipeline Jumatano. Ushauri mbaya husafiri na lori la mboga.

Chokaa ya kilimo ni mfano mzuri wa kuona biashara inapokwama. Udongo wenye asidi huhitaji chokaa, si ile ya kupaka ukuta bali ya shamba, itiwe wiki kadhaa kabla ya kupanda ili ipate muda wa kufanya kazi. Matumizi ya mbolea ya kupandia ya DAP msimu baada ya msimu huongeza asidi, kwa hiyo anayenunua mbolea bila chokaa anaweza kuwa analipia kuharibu shamba lake. Lakini chokaa ni nzito na ya bei ya chini. Mfuko hula nafasi dukani na faida yake haitoshi kulipa mbeba mizigo. Basi haiwekwi. Mbolea ya ruzuku, ambayo bei yake ilishushwa hadi shilingi 2,500 kwa mfuko wa kilo 50 mwaka 2023, ina foleni, ina hotuba, na mwaka 2024 ikawa na kashfa baada ya baadhi ya mifuko kupatikana haifikii viwango. Chokaa haina hata kashfa.

Kuna walipaji wengine tena, yaani wafadhili na mashirika, na hawa wamefanya mambo ambayo serikali na duka hawakuyaweza. Shule za wakulima mashambani, zilizoanzia Indonesia mwaka 1989 chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ziliingia Kenya katikati ya miaka ya 1990. Kikundi hukutana msimu mzima kwenye kipande kimoja cha shamba, hupanda kwa njia mbili au tatu, huhesabu wadudu kwa mikono na kubishana. Mkulima haambiwi jibu, anaona. Kazi hiyo ni ya polepole na ya gharama, na ndiyo hasa inayofaa kwa maarifa yasiyofungashika kwenye chupa.

Chukua mbinu ya sukuma-vuta, iliyoendelezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970 chenye makao Kasarani. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, jamii ya kunde inayotambaa. Harufu yake humfukuza nondo anayezaa bungua wa mabua. Pembeni mwa shamba unazungusha majani ya nepia, nayo humvuta nondo huyo akatage huko, ambako viwavi wake wengi hufa. Chini ya ardhi, mizizi ya desmodiamu huichokoza mbegu ya gugu-chawi, lile ambalo Nyanza huliita kayongo; mbegu huota, hukosa mzizi wa mahindi wa kunyonya, na kufa. Juu ya hayo ng'ombe wanapata majani na udongo unapata nitrojeni. Ni maarifa mazito yasiyohitaji dawa, lakini yanataka msimu mzima wa kufuatwa kwa karibu, maana kung'oa magugu mapema huku ukiikwepa desmodiamu changa si jambo la kueleza kwa ujumbe wa simu. Nani atamlipa mwalimu wa somo hili? Zaidi ya mbegu ya desmodiamu, hakuna cha kuuza. Ndiyo maana ufadhili ukiisha, somo huganda pale lilipofika.

Na tusidhani kwamba anayekataa ushauri ni mjinga. Kati ya mwaka 2000 na 2003, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio Busia kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Walipima mapendekezo kamili ya wizara: mbegu ya haibridi, mbolea ya kupandia, na ya kukuzia. Mavuno yalipanda sana. Lakini kwa mkulima wa kawaida gharama nazo zilipanda kiasi cha kumeza faida. Kilicholipa vizuri zaidi kilikuwa nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila mmea, mahindi yakiwa yamefika magotini, faida ya wastani wa asilimia 36 kwa msimu mmoja. Kijiko kizima hakikulipa. Kwa hiyo mama aliyekuwa akitikisa kichwa mbele ya afisa kwa miaka hiyo yote alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa, ila hakuna aliyekuwa na kazi ya kuipeleka hesabu hiyo juu.

Kupeleka habari juu ndiyo kazi ya ugani inayosahaulika mno. Ugonjwa hatari wa mahindi uitwao MLN ulipojitokeza mwaka 2011, wakulima wa Bomet ndio waliouona kwanza. Viwavijeshi vamizi walipoingia magharibi mwa Kenya mwaka 2017, ni mkulima aliyesimama asubuhi akakuta moyo wa mhindi umetafunwa na kujaa kinyesi kama vumbi la mbao. Kliniki za mimea, zinazowekwa siku ya soko na kusimamiwa na maafisa waliofunzwa chini ya mpango wa CABI, shirika la kimataifa la maarifa ya kilimo, zilibuniwa kwa sababu hiyo pia: mkulima analeta jani lililougua, anaandikiwa la kufanya, na maelezo yake yanaingia kwenye kumbukumbu ili mtu Nairobi aone kwamba jambo geni linaenea. Agroveti haina kumbukumbu ya namna hiyo. Ina daftari la madeni.

Je, simu haiwezi kuziba pengo? Kiasi. Huduma ya iCow, aliyoibuni Su Kahumbu, ilianza kumkumbusha mfugaji tarehe za ng'ombe wake kwa ujumbe mfupi, na kipindi cha televisheni cha Shamba Shape Up kimekuwa kikiingia sebuleni tangu mwaka 2012. Majaribio yaliyofanywa magharibi mwa Kenya na Rwanda yameonyesha kwamba ujumbe mfupi huwasukuma baadhi ya wakulima kununua chokaa. Si wengi, lakini ujumbe ni senti chache, kwa hiyo unalipa. Udanganyifu wa mbegu nao umepata dawa ya simu: kwenye pakiti kuna kibandiko cha KEPHIS, taasisi ya serikali inayokagua mbegu na afya ya mimea, unakwaruza, unatuma namba kwenda 1393, unaambiwa kama mbegu ni halali. Fanya hivyo kabla ya kutoka dukani, si baada ya kupanda.

Lakini simu haijui shamba lako lina asidi kiasi gani. Hilo hujulikana kwa kupima, na wewe mkulima wa simu unaweza kulifanya ukienda nyumbani Krismasi. Tembea shamba kwa kupinda kulia na kushoto, ukiruka mahali palipowahi kuwa na boma, njia au rundo la samadi. Chimba sehemu kumi na kitu, sentimita 20 kwenda chini, ukate kipande chembamba cha udongo kutoka juu hadi chini. Changanya vyote kwenye ndoo safi. Usitumie kamwe mfuko uliokuwa na mbolea, utapima mfuko. Anika kivulini, pima nusu kilo, andika jina na zao unalotaka kupanda, uje nao Kabete kwenye maabara ya KALRO, kando ya Waiyaki Way. Majibu yatakwambia kiasi cha chokaa na aina ya mbolea. Ada yake ni ndogo ukilinganisha na mifuko ya mbolea ambayo umekuwa ukituma msimu baada ya msimu kwa kukisia.

Serikali ya kitaifa imejaribu kurudi mlangoni kwa njia nyingine. Wakulima wamesajiliwa kwenye mfumo wa KIAMIS, na vijana wamechaguliwa katika wadi, chini ya mradi wa Benki ya Dunia, kuwa washauri wanaojiajiri: waanze kwa posho, kisha wajitegemee kwa kuuza huduma na pembejeo. Wana simu, wana nguvu, na wanajulikana kijijini. Ila rudi kwenye swali letu. Posho ikiisha, kijana huyu atakuwa agroveti anayetembea. Anaweza kuwa mzuri sana, lakini yeye pia hataweza kumwambia mama "usinunue."

Mwezi Mei 2024, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kuhusu mbolea na afya ya udongo waliahidi katika Azimio la Nairobi kwamba kufikia mwaka 2034 angalau asilimia 70 ya wakulima wadogo watakuwa wanapata ushauri unaolingana na zao, udongo na hali ya hewa yao. Azimio halikutaja mafuta ya pikipiki. Yanatajwa, kama yanatajwa popote, kwenye vitabu vya kaunti. Kwa sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na wananchi wana haki ya kutoa maoni. Wenye mashamba wanaoishi Nairobi hawahudhurii vikao hivyo. Wanasikia tu bei ya mbolea. Maoni yanaweza kutumwa kwa maandishi. Tafuta ukurasa wa kilimo, weka kando mstari wa mishahara, na uangalie kiasi kilichotengwa kwa usafiri wa maafisa, mafunzo yao na upimaji wa udongo. Ukikuta sufuri, andika wadi ya mama yako, na uulize ni nani aliyepangiwa kumtembelea mwaka huu.